Drili Ukutani

Fundi wa kampuni mpya alikuwa ameshaweka ncha ya drili ukutani, akisubiri niseme ndiyo. Kampuni ya zamani ya intaneti ya mtaani ilikuwa inafungwa kabisa jioni ile, na bila waya mpya nisingemwona tena mwanangu kwenye kompyuta aliyoniwekea mezani. Kuja kwa miguu yake alishaacha tangu apate cheo.

"Mama, mkubalie fundi, tusije tukapotezana," alisema mle kwenye kioo, tai shingoni kama mbuzi wa mnada.

Nikamwambia mguu umevimba tena, kiatu hakiingii.

"Vizuri sana, mama."

Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa kiguu na njia, kushoto, kulia, anasoma mambo yake mengine. Masikio anayo, tena makubwa, kayarithi kwa baba yake, lakini naona yapo ya kutundikia miwani tu.

Nikasogea karibu na kioo.

"Mwanangu, jiko limelipuka. Nyumba inaungua."

"Safi. Endelea hivyohivyo, mama."

Fundi akajikohoza. Alikuwa ameuma mdomo mpaka machozi yanamlengalenga.

"Cheka tu, mjukuu wangu, mbavu ni zako."

Alipomaliza kucheka akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akaishika tena drili, ila sasa hakunitazama.

"Kwa hiyo, bibi, nitoboe?"

"Toa chuma chako ukutani mwangu. Anayetaka kujua kama nimekufa, aje anuse mlangoni."