Fundo la Pangoni

Katika pango la barafu juu ya mji mmoja wa milimani, wageni walifungwa kamba viunoni, wawili wawili, wasije wakateleza. Fundo halikuguswa na mtu ila kiongozi wao, Mama Ndelwa. Manka alifungwa pamoja na mumewe, Kirumo. Kila aliposimama kutazama zile kuta za buluu, Kirumo aliivuta kamba kama anayevuta mbuzi.

"Tembea! Umeona jumba la bibi yako?"

Wageni wakacheka. Manka naye akacheka kidogo. Hapo ndipo Kirumo alipomkamata kisogo, akambamiza uso kwenye barafu, akarudia, hata jino likang'oka.

Mama Ndelwa alirudi taratibu, akachuchumaa mbele ya Manka.

"Fundo lako limelegea, mwanangu. Nilikaze au nilifungue?"

"Kaza!" Kirumo akanguruma.

"Sijakuuliza wewe, baba."

Manka akatema damu. "Lifungue, mama."

Alitangulia peke yake, kiganja kikipapasa ukuta, kuufuata mwanga wa mlangoni. Nyuma yake Kirumo alivuta kwa nguvu zake zote, na kamba ikamjia nyepesi, ikiburuza ncha tupu juu ya damu.