Salamu Aliyoitamani Swala

Zamani, pori zima likiwa na mganga mmoja tu, Swala aliugua kifua, akamweleza mganga huyo, Kanga, peke yake. Kumbe asiye na kifua ni Kanga mwenyewe! Kabla jua halijatua, kila mnyama alijua.

Swala alipona, lakini pole hazikuisha. "Pole, dada. Wewe usikimbie." Akatamani mno kusikia "Habari za asubuhi?" tupu, isiyofuatwa na pole.

Mwaka uliofuata alimkuta Kanga kichakani, akikohoa kikohozi kilekile.

"Nakusihi, dada, usimwambie mtu!"

Kesho yake wanyama walijaa mtoni. Kanga akainamisha kichwa, akingoja pole za wote. Swala akamsogelea.

"Habari za asubuhi, mganga?"

Akaishia hapo.