Mzee Asiyefumba Macho

Mzee Amissi alikuwa amekataa tena kufumba macho.

Irène akairudia video. Tovuti ya pensheni ilimtaka kila mzee ajipige video nyumbani kwa simu, afumbe macho na kuyafumbua, ili serikali ijue bado yu hai. Kazi ya Irène ilikuwa kupima kama huduma hiyo inawafaa watu. Wazee wengine walifumba, baadhi yao wakicheka. Huyu wa Kibenga aliikodolea kamera macho mpaka video ikaisha.

"Hiyo ni picha ya marehemu," alisema Landry, mkuu wake. "Kuna mutu anakula pensheni yake. Simamisha, tumalize."

"Picha haibadilishi shati, chef. Kila mara ana shati lingine."

Akapanda teksi hadi Kibenga.

Mwanamke wa makamo alifungua lango nusu. Alisema anaitwa Fabiola, binti wa mzee.

"Papa iko analala, madamu."

"Nitamungoja."

"Ni mugonjwa. Hapendi wageni."

"Nimuone tu. Bila hivyo, pensheni inasimama."

Fabiola alimpima kwa macho, kisha akampisha. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na komeo kwa nje. Akalivuta.

Mzee alikuwa ameketi kitini, hai, shati lake limepigwa pasi. Irène aliona haya. Tangu langoni alikuwa amemwazia mwanamke huyu mabaya.

"Papa, fumba macho, madamu aone," alisema Fabiola, mkono begani mwa mzee.

Mzee akamkazia Irène macho yaleyale ya kwenye video.

"Umeona? Akili imechoka. Mi namubembeleza kila mara, hasikii. Nikiacha wazi anapotea njiani, ndiyo maana nafunga."

Irène alitikisa kichwa kwa huruma. Angeandika kwamba huduma ile inawatesa wagonjwa. Koo lilikuwa limemkauka kwa vumbi la njiani, akaomba maji. Fabiola alisita kidogo, akatoka.

Hatua zake zilipofika uani, mzee alimshika Irène mkono. Akafumba macho taratibu, akayafumbua.

"Akili yangu iko muzima," alinong'ona. "Huyu ananiita papa, mi simujui. Nilijua nikifumba macho mu ile simu, hakuna mutu atakuja."