Wembe Shingoni mwa Mkwe

Wembe wa kinyozi ulikuwa umefika chini ya kidevu cha baba mkwe wake pale chumba kilipoanza kuzunguka.

Kinyozi aliganda. Vidonge alivyoandikiwa kwa ajili ya baridi yabisi vilikuwa vimemlegezea vidole, na asubuhi nzima vidole hivyo vilimtii kama zamani. Lakini sasa kioo kiliyumba. Daktari alikuwa amemwonya: ukimeza hivi, usishike kitu chenye makali. Akaitikia, kisha akaenda kufungua kibanda chake.

Chini ya wembe, mshipa wa shingo ya mzee ulidunda taratibu, povu la sabuni likichuruzika juu yake.

"Mbona kimya, mwanangu?" mzee aliuliza, macho ameyafumba.

"Natafuta mwanga, baba."

Alijaribu tena. Mkono ukateleza kidogo tu, na tone la damu likachungulia kwenye povu. Vidole vya mzee vilikaza kwenye viegemeo vya kiti, na kinyozi akaviona.

Akaufunga wembe.

"Baba, nisamehe. Siwezi. Dawa zinanizungusha kichwa."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Afadhali umesema. Wiki ya tatu hii nakaa hapa nikisali kimoyomoyo."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakuja?"

"Wateja wanakukimbia tangu vidole vianze kukaza. Ningeacha mimi, nani angebaki?" Mzee akainuka na ndevu zilizonyolewa nusu, akamshika begani. "Haya, kaa wewe kwenye kiti kabla hujaanguka."