Nyumba ya Lakiri

Budhni aliulamba ukuta wa jumba la malkia, akatema, akaulamba tena.

“Mama, unatuaibisha!” Mangra, mwanawe wa kwanza, alimvuta mkono. Walikuja kuleta asali jikoni, si kulamba nyumba za watu.

Lakini ulimi wa Budhni ulikuwa na kazi. Tangu utotoni alikuwa akikwangua lakiri, ule ulimbo wa wadudu unaoshika moto upesi, kwenye matawi ya miti huko msituni kwao, na msimu huu fundi wa ikulu aliinunua yote, hadi vumbi lake. Sasa alijua ilikokwenda. Imo ukutani, imekandwa na samli, na chini yake yamejazwa majani makavu. Cheche moja tu, jumba zima lingewaka. Roho ilimuuma. Ndani mlikaa mjane na wanawe, na yeye pia alikuwa mjane mwenye wana.

Alimngoja malkia uani, akaanguka miguuni pake.

“Bibi mkubwa, aliyekujengea nyumba hii anataka kukuchoma. Chukua wanao, ondokeni.”

Malkia hakushtuka. Nyuma yake alisimama mwanawe mmoja, pande la mtu, miguu imejaa udongo mbichi utadhani katoka kuchimba kisima.

“Ni binamu za wanangu,” malkia alisema taratibu. “Wanautaka ufalme. Tukitoroka watatusaka dunia nzima, hawatapumzika mpaka waamini tumekufa.”

Kisha akamtazama Mangra, kuanzia utosini hadi nyayoni.

“Huyu wako? Unao wangapi?”

“Watano, bibi. Wote madume, na wote walafi!”

Malkia akamtupia jicho mwanawe. “Wakubwa kama huyu?”

“Huyu ndiye mfupi wao!” Budhni alicheka kwa fahari. Mali hana, lakini wana anao.

“Walete kesho, dada yangu, mle mshibe. Nataka kukushukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Dada! Budhni alilirudia neno hilo njia nzima. Watu wa kabila lake, kivuli chao tu kikimgusa kuhani, kuhani hukimbilia mtoni kuoga. Leo malkia kamwita dada.

Kesho yake jioni walikula wali wa maziwa na nyama ya paa hadi matumbo yakawa ngoma. Malkia aliwamiminia pombe kwa mkono wake mwenyewe. Yeye hakuonja.

“Nimefunga,” alisema. Wanawe hawakuonekana.

“Mama, ningekuwa na mama mkubwa kama huyu, ningehamia,” Mangra alisema, akajinyoosha mkekani. Wadogo zake walikuwa wameshaanza kukoroma.

Budhni alipambana na kope zake. Kuna jambo moja lililomnyima raha tangu jana.

“Bibi mkubwa, mtaondoka lini?”

“Leo, dada. Tumeshafungasha.”

“Afadhali,” alisema Budhni, na kweli alifurahi, kwa moyo wake wote. Malkia alivua shuka lake la hariri, akamfunika nalo polepole. Budhni akalala.

Asubuhi watu wa mji walifukua majivu, wakakuta mama na vijana watano wamelala pamoja. Wakaangua kilio, wakiwataja kwa majina mmoja mmoja: malkia, na wana wa mfalme wote watano.