Saa Tisa Angani

"Saa tisa? Yaani unaniambia saa tisa nzima?"

"Siyo mimi, dada, ni ndege. Kilometa elfu saba na mia mbili. Unataka nishuke nikaisukume?"

"Usiniletee utani wako wa kijinga! Mama hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Mlango wa wodi ukilia tu anauliza, 'Msafiri wangu kafika?' Nimjibu nini?"

Kitindamimba akatazama saa yake. "Mwambie naondoka sasa hivi, saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja jioni, kwa saa zenu, nimetua."

"Aliuza cherehani yake ili upande ndege. Miaka minne hata pua yako hatujaiona. Ukimkosa leo, mimi na wewe basi."

"Nakuja, dada. Nazima simu."

Akaizima kweli, maana simu ya abiria haiiti.

Akakaa dirishani, sanduku la kuazima kalibana katikati ya magoti, shati limenyooka kama la bwana harusi. Akashusha pazia. Nje hakutaka kuchungulia hata kidogo. Nyuma yake mashine zikaanza kunguruma mpaka kioo kikatetemeka.

Siku ya cherehani aliikumbuka vizuri. Mama aliipangusa kwa upindo wa gauni lake, akacheka: "Nenda, ukarudi na mbili." Cherehani ikaondoka. Wakala wa tiketi naye akaondoka na pesa zake, tena mbio.

Kila saa, kilometa mia nane. Alihesabu kwa vidole. Saa ya tatu, bahari. Saa ya nne, bado bahari. Saa ya tano, jangwa.

Mwanamama wa kiti cha pili alimkodolea macho. "Mwanangu, mbona unahesabu vidole? Unaogopa?"

"Namwendea mama. Anaumwa."

"Basi tulia. Atakungoja tu huyo, we si mwanawe?"

Saa ya sita uvumilivu ukamwishia. Akainuka, akashika sanduku, akapiga hatua mbili. Akarudi akakaa. Ndege haitui katikati ya safari.

Akafumba macho. Akapanga maneno. Mama, nimechelewa. Hapana. Mama, nimerudi. Hapana. Mama, nisamehe, halafu nitakueleza. Hilo ndilo likamkaa mdomoni, akalirudia na kulirudia mpaka midomo ikakauka.

Saa kumi na moja kamili akawasha simu. Meseji saba, zote za dada. Akafungua ya mwisho.

"Mama katutoka saa nane mchana. Mpaka mwisho alikuwa ananiuliza umebakiza kilometa ngapi. Ukitua usiende popote, mdogo wangu. Nakuja kukupokea."

Aliisoma mara tatu. Mwanamama wa jirani akamwambia kitu, hakusikia. Mashine zikanyamaza.

Akabeba sanduku, akapita kati ya mashine za kufulia, akasukuma mlango wa duka la dobi, akasimama ukingoni mwa barabara. Ng'ambo, hatua hamsini tu, kwenye geti la hospitali, dada yake alikuwa anaigonga teksi kwa kiganja: "Uwanja wa ndege, kaka, kimbiza! Mdogo wangu katua!"

Akageuka kabla hajaonwa, akaenda zake.