Matofali ya Nabila Yanakwenda Mbale

Gunia la nne lilipomwagwa, kelele zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Hata Gorreti, jirani ambaye hanyamazi kwa urahisi, aliziba masikio.

Matofali ya plastiki, yale ya kuchezea watoto, yalijaa mkeka mzima: mekundu, ya njano, ya bluu, mengine madogo kama punje za mahindi. Yote ya mtoto mmoja, Nabila, na Nabila mwenyewe hayupo. Tangu Idi yuko Mbale kwa mama yake.

"Bado matatu," alisema Habibah, akajishika kiuno.

Habibah ni shangazi yake. Alimpokea angali ananyonya, mama mtu, Jamirah, alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Baba mtu anaendesha lori la Juba. Akija analala, akiamka anaondoka. Miaka yote hiyo Jamirah alikuwa akituma matofali. Watoto wa tajiri wake wakiyachoka, yeye anayaokota chini ya vitanda, anayatia kwenye mzigo wa meli. Sasa amerudi, amefungua duka la vitenge Mbale, amemchukua binti yake, na anataka matofali yamfuate, kila seti kwenye mfuko wake.

"Yote, wifi," alisema kwenye simu. "Kisibaki hata kimoja. Kila siku ananililia Jinja, eti vitu vyake viko huko. Nataka atulie."

Basi ua mzima ukahamia kwa Habibah. Wanaishi hapa Jinja, katika nyumba moja ya zamani ya Wahindi nyuma ya barabara kuu, iliyokatwa vyumba vya familia kadhaa, na humo habari haibishi hodi. Gorreti alishuka kutoka juu na ungo wake. Urmila, ambaye mumewe Navin anauza vyuma na misumari chumba cha mbele, alileta trei za dukani. Wengine walikuja kutazama tu, wakakalia chai.

Gorreti alianza kupanga kwa rangi. Urmila alimtazama mpaka akachoka.

"Gorreti, kipande kidogo chekundu ukikizika kwenye vyekundu vitupu, utakiona wapi? Panga kwa umbo. Misumari nani anaipanga kwa rangi?"

"Misumari yote si ina rangi moja, mama?"

"Ndiyo maana misumari hainisumbui."

Wakacheka, wakavuruga, wakaanza upya. Bapa huku, marefu kule, madirisha peke yake. Kisha Habibah akafungua vijitabu vya picha vilivyokuja na matofali na kuanza kulinganisha, kipande kwa kipande: ngome, ndege, boti, gari la zimamoto. Seti ikitimia, inaingia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, picha yake juu.

"Lete nifunge hilo," alisema Gorreti.

"Acha, nitafunga mwenyewe. Kila kavera nataka lipite mkononi mwangu."

Wanawake wakatazamana. Macho ya Habibah yalikuwa mekundu, ncha za vidole zimechubuka, na mgongo ulikuwa unamlazimisha kuinuka kwa kushika ukuta. Watu walikula sambusa zake, wakaenda, wakarudi, naye yuko palepale kwenye mkeka.

Gorreti akashindwa kuvumilia. "Lakini wewe dada, mjinga wa aina gani? Umelea mtoto mpaka ameota meno na kuyang'oa, na hata gunia moja hawakuachii. Haya yakiondoka, Jinja atarudi kufuata nini? Hii chai yako isiyo na sukari?"

"Najua."

"Unajua na bado unapanga."

"Mama yake ameyataka. Nipe hicho cha kijani."

"Huko Mbale atapata shule, atapata wenzake," alisema Urmila. "Mwaka mmoja tu, Habibah. Baadaye atakuwa anakusalimia kwa simu, tena kwa kulazimishwa." Hakusema kwa ubaya. Wanawe wote wako Uingereza.

Habibah alipindua ukurasa wa kijitabu.

Jamirah alikuja na pikapu ya kukodi, ameingia na uso wa mtu aliyekuja kudai. Akakuta makavera yamepangwa ukutani kama mikate dukani. Akafungua moja, akatazama picha, akatazama vipande, akaketi palepale kwenye mkeka na kulia.

"Nisamehe, wifi. Nilidhani utanifichia. Njia nzima nimekuja nikipanga maneno ya ugomvi."

"Nikufichie nini? Ni mali yako. Wewe ndiye uliyeyaokota."

Wakapakia. Pikapu ilipokata kona, Gorreti alichukua ungo wake, Urmila akachukua trei zake, na ua ukarudi kila mtu mlangoni kwake. Siku zilizofuata Habibah alipika chakula cha mtu mmoja, na bado kilibaki.

Alhamisi Jamirah akapiga simu. Sauti ilikuwa imechoka kuliko ya Habibah.

"Wifi, gari la zimamoto limekosa gurudumu. Tumepekua nyumba nzima. Nabila amegoma kula. Anasema lazima liko huko, chini ya kitanda chake, na hataki litafutwe na mtu mwingine."

"Mimi macho yangu unayajua," alisema Habibah. "Shule si zimefungwa? Mlete atafute mwenyewe, akae kidogo."

Jamirah alivuta pumzi. "Kesho nitamleta."

Habibah aliweka simu kando, akatoa kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la mchele, akachagua gurudumu moja jeusi na kulisukuma kwa kidole chini ya kitanda cha mtoto. Mlango wa ngome, bawa la ndege, usukani wa boti na vingine vyote, kimoja kutoka kila kavera, akavifunika tena vizuri.